Kocha asiye na jina: Eddie Howe alifikaje Newcastle?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni beki wa kati, nina miaka 28. Nimecheza First League na Championship hapa Tanzania, Ligi Kuu sikuwahi kuifikia. Goti limenisumbua kwa misimu miwili na daktari amenishauri niache. Nataka kufundisha, lakini kila nikilitaja jambo hilo naambiwa kocha asiye na jina wachezaji hawamsikilizi. Mimi ni shabiki wa Newcastle ya England, na nasikia kocha Eddie Howe naye hakuwa na jina alipokuwa mchezaji. Ni kweli? Na kama ni kweli, alifikaje pale? Mimi nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Pole sana kwa goti. Najua kuambiwa uache mpira ukiwa na miaka 28 kunauma kuliko goti lenyewe.

Ni kweli. Eddie Howe hakucheza hata dakika moja ya Ligi Kuu ya England. Karibu maisha yake yote ya uchezaji yaliishia Bournemouth, klabu ya mji wa pwani ya kusini mwa England, ambayo enzi zake ilikuwa daraja la tatu. Alikuwa beki kama wewe: kulia mara nyingine, katikati mara nyingi. Aliichezea timu ya kwanza kuanzia Desemba 1995, akiwa na miaka 18, na hesabu ya mechi zake za ligi pale inapita 250. Heshima kubwa aliyoipata kama mchezaji ni mechi mbili za timu ya taifa ya vijana chini ya miaka 21, kwenye mashindano ya Toulon, Ufaransa, mwaka 1998. Hapo ndipo jina lake lilipofika, na halikupanda zaidi.

Nakueleza safari yake kwa urefu, maana wengi huisimulia kwa haraka: alikuwa mchezaji wa kawaida, akaja kuwa kocha mkubwa, basi. Hapo katikati kuna miaka mingi, na miaka hiyo ndiyo inayokuhusu wewe.

Tuanze na goti. Machi 2002 Harry Redknapp, ambaye naye aliwahi kuifundisha Bournemouth kwa miaka mingi, alichukua timu ya Portsmouth na mara moja akamsajili Howe. Ada iliyotajwa ilikuwa paundi 400,000. Kwa beki wa daraja la tatu hiyo ilikuwa nafasi ya dhahabu, kwa sababu Portsmouth ilikuwa daraja la pili na ilikuwa na fedha na nia ya kupanda. Aliumia karibu mara tu alipofika. Akapona, akaanza msimu mpya Agosti 2002 dhidi ya Nottingham Forest, na dakika za mwanzoni kabisa pia ya goti ikachomoka mahali pake. Msimu ukaishia hapo. Portsmouth wakabeba ubingwa wa daraja hilo na kupanda Ligi Kuu mwaka 2003 huku yeye yuko kwenye matibabu. Mechi alizoichezea klabu ile ni mbili tu. Mlango wa Ligi Kuu ulifunguka mbele yake, lakini mwili ukakataa kuingia.

Mwaka 2004 alirudi Bournemouth, kwanza kwa mkopo. Klabu ilimtaka moja kwa moja ila kapu lilikuwa tupu. Mashabiki wakachanga. Ndani ya siku chache zikapatikana paundi kama 21,000, na Howe akarudi nyumbani kwa fedha za watu waliokuwa wakimtazama jukwaani tangu akiwa kijana. Jambo hili wengi hulipita haraka, mimi naliona ni kubwa. Mashabiki hawachangii mtu aliyeumia goti kwa sababu ya vikombe alivyoshinda. Wanamchangia kwa jinsi alivyoishi nao. Unapoambiwa huna jina, jiulize kwanza: sina jina wapi? Pale Bournemouth Howe alikuwa na jina tayari. Mafundi wa uwanja walimjua, wazazi wa watoto wa akademi walimjua, wenye klabu walimjua. Dunia ilikuja kumjua baadaye.

Goti halikurudi sawasawa. Mwishoni mwa 2006 kocha Kevin Bond alimpa kazi ya kufundisha timu ya akiba huku bado ni mchezaji, na msimu ulipokwisha 2007 akastaafu, akiwa na miaka 29. Sasa tazama umri wako. Alianza kufundisha kabla hajaacha kucheza. Hakusubiri aagwe, apumzike mwaka mmoja, ndipo aanze kutafuta kazi. Wachezaji wengi wa madaraja ya chini hukosea hapo: wanalipigania goti mpaka limekwisha kabisa, na siku wanapokubali, hakuna mtu klabuni anayewafikiria kwa kazi nyingine.

Ukifikiri kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka, sivyo. Februari 2008 Bournemouth ilishindwa kulipa madeni na ikaingia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Ikakatwa pointi 10, ikashuka kutoka daraja la tatu. Septemba 2008 Bond akafukuzwa na Howe naye akapoteza kazi, maana alikuwa kwenye benchi lake. Hilo ni jambo la kawaida kwa wasaidizi, bosi akiondoka na wewe unafungasha. Lakini akarudi klabu ileile kufundisha watoto wa kituo cha vijana. Mtu aliyekuwa nahodha wa watu, akiwa na miaka 30, anapanga koni kwa ajili ya watoto. Hakuona haya.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwenye msimu wa 2008/09. Bournemouth ilianza ligi ya daraja la nne, ile inayoitwa League Two, ikiwa na pointi 17 chini ya sifuri. Ligi ilitoza pointi hizo kama adhabu ya jinsi klabu ilivyotoka kwenye ufilisi. Maana yake timu inatakiwa ishinde mechi sita, yaani ipate pointi 18, ndipo ionekane na pointi moja. Rotherham nao walikatwa 17, na Luton walikatwa 30. Timu mbili za mwisho zinashuka na kuondoka kabisa kwenye madaraja manne ya ligi ya kulipwa, na kwa klabu yenye madeni kama yale, kushuka kulikuwa karibu sawa na kufa.

Tarehe 31 Desemba 2008 kocha Jimmy Quinn akafukuzwa. Klabu haina fedha ya kumlipa kocha mwenye jina, hairuhusiwi kusajili kwa uhuru, na mishahara yenyewe haina uhakika. Nani atakubali kazi hiyo? Wakamwita kijana wa kituo cha watoto aishike kwa muda. Alikuwa na miaka 31. Akapoteza mechi mbili za kwanza, zote ugenini. Na bado, Januari 2009, wakampa kazi moja kwa moja, akawa kocha mdogo kuliko wote katika madaraja yale ya chini ya Ligi Kuu.

Watu husema alibahatika. Mimi nasema nafasi ile isingemwendea mtu mwingine yeyote. Kocha mwenye jina asingekubali kuichukua, na kocha asiye na jina kutoka nje asingejulikana na mtu. Ilikuwa nafasi mbaya, yenye hatari, na ilimhitaji mtu aliyekuwepo tayari ndani ya jengo. Klabu zilizo taabani huangalia nani yuko karibu, anaaminika na hana gharama. Hiyo ndiyo njia halisi ambayo makocha wengi wa Kiingereza waliotoka madaraja ya chini wameipitia.

Moja ya mambo aliyoyafanya mwanzoni kabisa ni kumrudisha Steve Fletcher, mshambuliaji mrefu aliyekuwa ameichezea Bournemouth miaka mingi kabla ya kuondoka 2007. Fletcher alikuwa na miaka 36. Kwa macho ya kawaida ni usajili wa kukata tamaa. Lakini Howe alicheza naye, alijua chumba cha kubadilishia nguo kinakuwaje Fletcher akiwa ndani, na alijua wale vijana wenye hofu wanahitaji mtu wa kumtazama. Tarehe 25 Aprili 2009, kwenye mechi ya mwisho ya nyumbani, Bournemouth walihitaji kuwafunga Grimsby ili wabaki. Wakatanguliwa. Wakasawazisha. Zikiwa zimebaki kama dakika kumi mpira ukamdondokea Fletcher ndani ya boksi, akaupiga ukaingia, uwanja ukalipuka. 2-1. Timu iliyoanza na deni la pointi 17 ilimaliza nafasi ya 21 kati ya 24 na ikasalimika.

Msimu uliofuata, wakiwa bado wamefungiwa kusajili kwa muda mrefu, na kikosi kidogo mno, walimaliza wa pili na kupanda daraja. Kwangu kazi hii ni ngumu kuliko ubingwa wowote wa timu yenye fedha. Ukifungiwa kusajili huwezi kujificha nyuma ya soko. Mchezaji akiwa dhaifu wa mguu wa kushoto, dawa ni kumfundisha, maana hakuna mwingine anayekuja. Nadhani ndiyo sababu mpaka leo sifa ya Howe ni kumfanya mchezaji awe bora kuliko alivyomkuta. Aliilea sifa hiyo kwa lazima.

Burnley nitaipita haraka. Alikwenda Januari 2011, daraja la pili, akakaa mpaka Oktoba 2012, matokeo yakawa ya wastani tu, na akaondoka kwa sababu za kifamilia baada ya mama yake, aliyemlea peke yake, kufariki. Shika jina moja tu kutoka Burnley: beki wa kulia Kieran Trippier, kijana aliyemchukua kutoka Manchester City. Tutamrudia.

Aliporudi Bournemouth Oktoba 2012 timu ilikuwa mkiani mwa daraja la tatu. Ilimaliza msimu uleule nafasi ya pili na kupanda. Miaka miwili baadaye, msimu wa 2014/15, ikawa bingwa wa Championship ya England, daraja la pili, kwa pointi 90 na mabao 98, pamoja na ule ushindi wa 8-0 nyumbani kwa Birmingham. Klabu yenye uwanja wa watu 11,000 na ushei ikaingia Ligi Kuu kwa mara ya kwanza katika historia yake na kukaa misimu mitano. Mwaka 2017 ilimaliza ya tisa.

Tazama waliokuwemo kwenye kikosi kile. Simon Francis, Steve Cook, Charlie Daniels, Marc Pugh: hawa walikuwa wachezaji wa daraja la tatu, na Pugh alitoka Hereford, timu ya daraja la nne. Howe aliwapandisha nao, daraja hadi daraja, wakaja kucheza na Liverpool na Manchester United. Desemba 2016 wakawafunga Liverpool 4-3 baada ya kuwa nyuma 3-1, na bao la ushindi katika dakika za nyongeza akalifunga beki, Nathan Aké. Ulizeni wachezaji hawa kama walimsikiliza kocha asiye na jina. Walimsikiliza kwa sababu kila msimu walijiona wanajua kitu ambacho msimu uliopita hawakukijua. Mchezaji ni mtu wa hesabu fupi: kocha huyu ananiongezea mkataba au ananipunguzia? Kama mazoezi yako yanamwongezea, hakuulizi ulicheza wapi.

Lazima pia nikuambie yale ambayo mashabiki wake hawapendi kuyasema. Bournemouth haikupanda kwa mazoezi peke yake. Kuanzia 2011 ilikuwa na tajiri, Maxim Demin, na msimu ule wa ubingwa ilitumia kuliko kanuni zilivyoruhusu, ikatozwa faini na mamlaka ya ligi. Na ilipofika Ligi Kuu na fedha ikawepo, Howe hakuwa mnunuzi mzuri. Jordon Ibe alinunuliwa kwa kama paundi milioni 15 kutoka Liverpool na hakuwahi kuwa mchezaji aliyetarajiwa. Wengine wa bei kubwa wakakaa benchi huku wale wa zamani wa daraja la tatu wakizeeka. Safu ya ulinzi ilivuja mabao kila msimu. Julai 2020 wakashuka, japo siku ya mwisho waliwafunga Everton 3-1, na yeye akaondoka.

Naamini kushuka kule kulimjenga, kwa sababu ya alichokifanya baadaye. Hakukimbilia kazi nyingine. Celtic ya Scotland walizungumza naye kwa muda mrefu mwaka 2021, mazungumzo yakavunjika. Alikaa nje zaidi ya mwaka mzima, akasafiri kutazama mazoezi ya klabu nyingine, zikiwemo za Hispania, na akakaa na kanda za mechi zake mwenyewe. Mtu aliyekwisha kupandisha timu moja kutoka daraja la nne hadi la kwanza alirudi kuwa mwanafunzi. Newcastle aliyoifundisha baadaye haikufanana na Bournemouth yake: ilikimbia zaidi, ilikabia juu, na msimu wa 2022/23 ilikuwa miongoni mwa timu ngumu zaidi kufungika katika ligi nzima. Kosa lililomshusha alilishughulikia.

Alikabidhiwa Newcastle Novemba 2021. Wiki chache kabla, klabu ilikuwa imenunuliwa na mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia, kwa hiyo fedha ilikuwepo, na hilo lisifichwe. Lakini dirisha la usajili lilikuwa limefungwa mpaka Januari. Timu ilikuwa na pointi 5 katika mechi 11, haijashinda hata moja. Mechi yake ya kwanza hakukaa benchi, alikuwa na korona.

Tarehe 30 Novemba walicheza na Norwich. Dakika ya tisa beki Ciaran Clark akapewa kadi nyekundu. Hebu jiweke pale: nyumbani, mkiani, mko kumi, dakika 80 zimebaki. Howe alipopanga upya timu, Joelinton akarudi kucheza katikati. Huyu Joelinton alinunuliwa 2019 kwa paundi milioni 40 kama mshambuliaji, alifunga kwa nadra, na mji mzima ulikuwa umemchoka. Siku ile alikaba, alinyang'anya mipira, alibeba timu kifuani mpaka ikatoka 1-1. Tangu hapo hakurudi kuwa mshambuliaji wa kati. Akawa kiungo, na baadaye akaitwa timu ya taifa ya Brazil akiwa kiungo. Kadi nyekundu ndiyo iliyofungua dirisha, sawa, lakini makocha wangapi wangelifunga tena wiki iliyofuata na kumrudisha mbele kwa sababu ndiko milioni 40 zilikoandikiwa? Howe aliamini alichokiona kwa macho yake. Beki wa daraja la tatu anajua mchezaji wa kazi akimwona, hata kama amenunuliwa kuwa mshambuliaji.

Ushindi wa kwanza ulikuja tarehe 4 Desemba, 1-0 dhidi ya Burnley, klabu aliyoifundisha, kwa bao la Callum Wilson, mchezaji aliyemlea Bournemouth. Mechi 14 za mwanzo hawakushinda. Hakuna timu iliyokuwa imewahi kuanza hivyo katika Ligi Kuu na ikabaki. Newcastle walimaliza wa 11. Januari ilipofika, mtu wa kwanza aliyemsajili alikuwa Trippier, yule kijana wa Burnley, sasa amekwisha kuwa bingwa wa Hispania na Atlético Madrid na mchezaji wa England. Mwezi huohuo akamchukua Dan Burn kutoka Brighton, beki mwenye urefu wa karibu mita mbili, mzaliwa wa kaskazini mashariki kulekule, aliyeachwa na Newcastle akiwa mtoto na kuanzia maisha Darlington, madaraja ya chini kabisa.

Msimu uliofuata walimaliza wa nne na kurudi Ligi ya Mabingwa baada ya miaka 20. Oktoba 2023 Paris Saint-Germain walikwenda St James' Park wakapigwa 4-1, na Burn akafunga.

Sasa njoo Wembley, tarehe 16 Machi 2025, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Liverpool. Dakika ya 45 Newcastle wanapata kona. Trippier anakwenda kupiga. Liverpool wanalinda kona kwa kujipanga karibu na lango, na watu wote wanatarajia Burn, kwa urefu ule, aingie kwenye msongamano. Haingii. Anabaki nje, kwenye usawa wa nukta ya penalti au nyuma yake kidogo, na anayemkaba ni Alexis Mac Allister, kiungo mfupi. Mpira wa Trippier haulengi lango, unarudi nyuma mpaka alipo Burn. Anaruka, anapiga kichwa cha mbali sana kwa kichwa cha kona, mpira unakwenda pembeni mwa kipa na kuingia. Hilo halikuwa tukio la bahati. Ni beki kumtazama beki na kujua kwamba eneo lile lina nafasi. Mshambuliaji wao Alexander Isak akaongeza la pili kipindi cha pili, Federico Chiesa wa Liverpool akarudisha moja dakika za mwisho, ikaisha 2-1. Newcastle hawakuwa wametwaa kombe kubwa la nyumbani tangu 1955, miaka 70.

Na jambo moja la kukuchekesha moyo: kocha Mwingereza wa mwisho kabla yake kushinda kombe kubwa la nyumbani alikuwa Harry Redknapp, na Portsmouth, Kombe la FA 2008. Ndiye yuleyule aliyemsajili Howe akiwa na goti zima.

Nimekutajia Howe kwa sababu umemuulizia, lakini hayuko peke yake. Sean Dyche, aliyekuja kuwa kocha wa Ligi Kuu ya England, alikuwa nahodha wa Chesterfield ya daraja la tatu ilipofika nusu fainali ya Kombe la FA 1997. Chris Wilder, beki wa kulia wa madaraja ya chini, alianza kufundisha Alfreton Town mwaka 2001, mbali sana chini ya ligi ya kulipwa, na miaka 18 baadaye akaipandisha Sheffield United Ligi Kuu. Majina makubwa pia hushindwa: Gary Neville, aliyeshinda kila kitu na Manchester United, hakumaliza miezi minne Valencia. Simsemi kwa ubaya. Alipewa timu kubwa kabla hajawahi kuwa kocha mkuu popote, na hakuna aliyempa nafasi ya kukosea mbele ya watu mia tano kabla ya kukosea mbele ya elfu hamsini.

Hiyo ndiyo faida yako, mdogo wangu, na ninaisema kwa uzito wote. Wewe unaweza kuanza chini bila mtu kukucheka. Mechi za mwanzo za Howe kama kocha mkuu zilipotea na karibu hakuna aliyezitazama.

Umeuliza uanzie wapi. Kwanza usiondoke kwenye klabu yako kwa sababu goti limekwisha. Nenda kwa kocha wako wiki hii, mwombe ukae kwenye benchi la ufundi hata bila mshahara mpaka msimu uishe, na umwombe kazi yenye jina: mabeki, au mipira ya kona na faulo, kitu kimoja ambacho ni chako na matokeo yake yanaonekana. Kama klabu ina timu ya vijana isiyo na mwalimu, ichukue. Ichukue hata kama wachezaji wenzako watasema umeshuka.

Pili, leseni. Ngazi za CAF, shirikisho la soka la Afrika, zinaanzia D, zinapanda C, B, A, na huwezi kuruka. Ulizia chama cha soka cha mkoa wako kozi ya D inayofuata ni lini, na jiandikishe ukiwa bado mchezaji kwenye karatasi. Kuna vijana wenye macho mazuri ya mpira ambao wamekosa kazi kwa sababu nafasi ilipotokea hawakuwa na cheti.

Tatu, tafuta mwenzako. Howe na Jason Tindall walikuwa mabeki wa Bournemouth pamoja, na Tindall amekuwa msaidizi wake Bournemouth, Burnley na Newcastle. Howe alipolazwa hospitali na nimonia Aprili 2025, Tindall alisimamia timu na ikashinda mechi mbili za kwanza. Fikiria ni nani kati ya uliocheza nao anayeweza kukuambia ukweli wakati wa mapumziko mkiwa mmefungwa mbili. Mwambie mwende kozi pamoja.

Kuhusu hofu yako kwamba hawatakusikiliza, watakujaribu, hilo ni hakika. Mazoezi ya kwanza yatakuwa na mtu mmoja au wawili wa kukunong'onea nyuma ya mgongo. Usiwahutubie. Chukua beki mmoja kijana, yule anayepitwa kila mara upande wa kushoto, kaa naye dakika 15 baada ya mazoezi kila siku, umfundishe kusimama mwili ukiwa nusu upande na kumlazimisha mshambuliaji atoke nje. Rekodi kwa simu. Baada ya mwezi mwonyeshe picha ya mwanzo na ya sasa. Wengine watakuja wenyewe kukuuliza zamu yao ni lini.

Ukishapata tarehe ya kozi niandikie, na uniambie klabu imekupa kazi gani. Nitakutumia mpango wa mazoezi ya mabeki wanne wa wiki sita uanze nao.